"Na" Iliyoniangusha Mara Mbili

Ndugu zangu mnaorudia mtihani, nimeombwa niseme nanyi kidogo. Sikuja kujisifu. Miaka ya tisini, hapa hapa Mpanda, nilianguka Hisabati mara mbili, na mara ya pili nilichoma madaftari yangu jikoni kwa mama.

Baba alishasema, "Mara ya tatu utafaulu au utaolewa." Ng'ombe wa mahari walishatajwa, na mtu mwenyewe simtaki. Nyie mnaocheka, mimi hata chakula kilikuwa hakipiti.

Kilichoniua ni hesabu za kutolingana, zile zenye masharti mawili: iksi ni kubwa kuliko mbili, na iksi ni ndogo kuliko sita. Kukokotoa nilijua. Kwenye kuchora jibu, natia kivuli mstari wote wa namba, mwanzo hadi mwisho. Mwalimu anapiga mkasi, ile alama ya kukosa. Nilisali, nikafunga, nikapata mkasi.

Kijijini kwetu Litapunga likitoka tangazo, "Wenye ng'ombe na wenye mashamba waje mkutanoni," wanakuja wote. Basi kwangu "na" ilikuwa ya kukusanya watu. "And" ya Kiingereza cha mtihani niliigeuza kichwani hivyo hivyo.

Zilibaki wiki tatu kabla ya mtihani wa tatu, na nilishakata tamaa. Asubuhi moja zizini mama akaniambia, "Nifungie mbuzi aliye mweusi na aliye na mimba." Nikamfunga mmoja, halafu nikasimama na kamba mkononi. Weusi walikuwa wengi, wenye mimba wengi. Mbona nimeleta mmoja?

"Unalia nini tena?" mama akauliza.

"Mama, kwa nini sikuleta wote?"

"Ungeleta wote ningekupeleka kwa mganga."

Nikaokota mkaa, nikachora mstari ukutani. Kubwa kuliko mbili, ndogo kuliko sita: zinazotimiza yote mawili ni za katikati tu. Ya kukusanya, inayojaza mstari wote, ni "au". Ndugu zangu, nililia mpaka mama akaogopa.

Nilipata D. Msiidharau, ndiyo iliyonipeleka ualimu. Namshukuru rafiki aliyeniazima madaftari yake, yangu yalipoungua. Namshukuru mama, ambaye hajui kusoma. Nanyi mkianguka, msikimbilie kusema hamna akili; tafuteni neno mnalolielewa vibaya, hata liwe dogo namna gani.

Baba alinipa "au". Leo nafundisha Hisabati, na nimeolewa na niliyemtaka mwenyewe.