Mama Bawa na Mashindano ya Watoto ya Kuchora Ndege

Ndugu, majirani, na ninyi wenzake wa karakana mliokuja na ovaroli kwa sababu mnajua marehemu angewashangaa mkivaa suti, asanteni kwa kufika kumsindikiza dada yetu. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa mwisho. Marehemu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu na kufunga mdomo, na hilo la pili halikumwingia sana.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa pili kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba alikuwa fundi viatu, na mama alishona nguo barazani kwa cherehani ya mkono. Akiwa na miaka saba alifumua shati jipya la baba ili aone mfuko umeshikiliwa na nini. Alichapwa, ndiyo, lakini jioni baba alilikuta shati mahali pake, mfuko umerudishwa na mishono imenyooka kuliko ya dukani. Tangu siku hiyo baba hakumkaripia tena kwa kufumua kitu, mradi akirudishe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha ushonaji mwezi Novemba 1969. Hesabu alizipenda. Kuchora hakujaliwa hata kidogo. Mpaka anazeeka, akichora ng'ombe ilibidi aandike chini yake kwamba huyo ni ng'ombe. Tunalitaja hili mapema kwa sababu wengi wenu mlimfahamu kwa picha, na huenda mkadhani zilikuwa zake.

Tarehe 3 Februari 1970 aliajiriwa katika karakana ya ndege ndogo ashone viti. Wakati ule baadhi ya ndege zilikuwa na mabawa ya kitambaa kilichowambwa juu ya mbao, na mzee aliyeyashona mabawa hayo alikuwa ameanza kupoteza macho. Wiki ya pili, marehemu aliomba sindano ndefu ya mzee huyo, akashona upande mzima wa bawa bila kurudia tundu. Huko ndiko alikopata jina la Mama Bawa kabla hajawa mama wa yeyote. Mwaka 1979 alifuzu ufundi wa ndege kamili, na hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011 hakuna ndege iliyotoka mikononi mwake ikarudi na lawama.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974 na dereva wa lori la mafuta ya ndege. Shemeji yetu alichana mkono wa koti lake mara tatu ndani ya mwezi mmoja, akaja kushonewa mara zote tatu. Mara ya nne marehemu alimwambia, "Koti hili limechoka. Sema ulichokuja kusema." Akasema. Waliishi kwa masikilizano miaka thelathini na mitano, hadi shemeji alipotangulia mwaka 2009, na Mungu aliwajalia watoto watatu.

Sasa tuje kwenye mashindano. Kwa miaka kumi na minane marehemu aliwaona watoto wakishika waya wa uzio wa uwanja, wakitazama ndege, na hakuna mtu mzima aliyewahi kuwaambia ingieni. Mwaka 1988 aliwaambia yeye. Alitaka waipende kazi ya anga kabla mtu hajawaambia kwamba si yao. Kila mwenye miaka sita hadi kumi na saba alete picha ya ndege. Zilitundikwa kwenye waya ndani ya karakana, na washindi walikaa kiti cha rubani wakashika usukani. Waamuzi walikuwa watatu: marehemu, rubani mmoja, na mwalimu wa shule ya jirani.

Hapo alifanya kosa, na aliagiza lisomwe leo, maana alisema wasifu usio na kosa ni wa mtu mwingine. Karakanani, ndege yenye hitilafu hufungwa kadi nyekundu iliyoandikwa ISIRUKE. Fundi huweka sahihi yake, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuifungua, hata mkubwa wake. Kwa mzaha, marehemu alizifunga kadi hizo kwenye picha zilizokosewa. Watu wazima walicheka sana.

Mwaka 1991 msichana wa miaka kumi alileta ndege ndogo inayopita juu ya kamba ya nguo zilizoanikwa. Picha nzuri, ila mbele ya ndege hapakuwa na feni ile inayoivuta. Marehemu aliandika, "Haina feni. Isiruke," akatia sahihi. Msichana alisoma, akaitungua picha yake, akaenda nayo nyumbani. Mwaka uliofuata hakuja. Mwalimu akasema mtoto yule hachori tena, hata darasani akipewa kalamu huitazama tu.

Marehemu hakulala vizuri wiki ile. Rubani alimwambia watoto husahau. "Watasahau," alijibu, "lakini kadi ina sahihi yangu." Jumapili alasiri akapiga moyo konde, akaenda hadi nyumba za mwisho wa njia ya kurukia. Alimkuta mama wa msichana, mfua nguo, akianika mashuka.

"Hodi, mama mwenzangu."

"Karibu. Samahani, viti vyote vina nguo."

"Nitasimama tu, sistahili kiti. Mimi ndiye niliyeandika ile kadi."

"Aa! Kumbe ni wewe!" Mama yule aliweka beseni chini. "Mwaka mzima mtoto hashiki penseli. Haya, mwenyewe huyo hapo, malizana naye."

Kabla marehemu hajafungua mdomo, ndege moja ilipita juu ya paa, chini kabisa, mashuka yakapepea. Msichana aliinyooshea kidole.

"Shikamoo, Mama. Feni yake iko wapi?"

Marehemu alitazama mpaka shingo ikamuuma. Mbele ya ndege palikuwa na hewa inayometameta, basi.

"Marahaba, mwanangu. Haionekani. Inazunguka."

"Basi na mimi sikuiona."

Miaka ishirini na mbili dada yetu aliishika feni kwa mkono kila siku, injini ikiwa imezimwa, asijue kwamba anaijua ikiwa imesimama tu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alicheka hadi mama yule akamwondolea nguo kiti kimoja. Picha ilitolewa chini ya godoro, kadi bado imefungwa. Akaifungua kwa mkono wake, akaandika nyuma yake, "Inaruka. Mimi ndiye niliyekosea," akatia sahihi.

Msichana alirudi kwenye mashindano yaliyofuata. Hakuwa rubani, na marehemu hakumdai urubani. Leo ni mchoraji wa ramani za majengo, na tangu mwaka 2006 ni mmoja wa waamuzi wa mashindano. Marehemu naye aliweka sheria: picha isihukumiwe kabla mwenyewe hajaulizwa. Kuuliza si ujinga. Mashindano ya siku moja yakawa ya siku mbili, rubani akanung'unika weee, baadaye akawa ndiye anayekawia kuondoka.

Mwezi Februari mwaka huu marehemu alianza kuishiwa pumzi, na daktari akasema moyo umepanuka. Alilazwa tarehe 2 Septemba 2024. Tunawashukuru wauguzi wa wodi ya tatu, waliovumilia picha ukutani. Asubuhi ya Jumanne tarehe 17, mchoraji wetu alimpelekea picha ya mtoto wa miaka minane: ndege yenye madirisha kumi na mawili, kumi na moja yamefungwa pazia, moja liko wazi na uso umebanwa kwenye kioo.

"Umemuuliza mwenyewe?" marehemu akasema.

"Bado, Mama. Nilitaka uione kwanza."

"Nishaiona. Nenda kamuulize, nakusubiri."

Alikwenda hadi shuleni, akauliza, akarudi mbio. Marehemu alifariki saa tano na robo asubuhi. Mchoraji alimkosa kwa dakika ishirini.

Ameacha watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, ndugu wanne, mchoraji ambaye hakumzaa ila alimlea, na watoto wote waliowahi kuitwa ndani ya uzio ule. Kwa agizo lake, mashindano ya mwaka huu hayaahirishwi. Tunamshukuru Mungu kwa miaka sabini na mitatu ya dada huyu, na kwa kweli hatukupunjwa.

Dada, jibu la swali ulilotuma likaulizwe limefika. Mtoto amesema wale wengine wamezoea safari, wamefunga pazia wamelala. Huyu mmoja ni mara yake ya kwanza kupanda, hataki kukosa kitu.

Nenda salama, dada yetu, upumzike katika amani ya Mungu.