Mayungiyungi ya Murekatete

Benchi la Cansilde, muuza kahawa wa mtaa wa Nengo, ng'ambo ya mpaka na Goma, liko pale pikipiki zinapopinda kushuka ziwani. Kila asubuhi akitoka misani Bahizi hukaa mwisho wake, karibu na thermosi. Wenzake humwita Polepole, maana neno lake hufika wakati wengine wameshahamia jambo lingine. Asubuhi ile walimngoja aseme. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa misa ya kutimiza mwaka wa marehemu mkewe, Murekatete, na Bahizi alikuwa ameapa kwamba altareni halitawekwa ua la kununua. Yatawekwa mayungiyungi aliyoyapanda marehemu kwa mikono yake, barazani, ndani ya madumu yaliyokatwa. Sasa panya walikuwa wameyafukua hadi mizizi. Lilibaki dumu moja lenye tumba.

— Wavu niliweka, alisema Bahizi. Mawe niliweka. Hili moja hawalipati.

Volkano, motari wa kubeba abiria kwa pikipiki, ambaye kwake kila jambo linaanzia kwenye mlima wa moto, alipuliza kahawa yake.

— Mi nakuambia, mzee, chini ya udongo iko moto. Ile panya haina mubaya. Inatafuta tu fasi ya baridi ya kulala.

Karekezi, aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili kilichopigwa pasi, hakukubali.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa hiyo dumu lipandishwe juu ya bati.

— Juu ya bati? Donc basi ile ua itakuwa antenne ya redio? aliuliza Volkano.

Cansilde alisema hao ni panya wa Goma, wanavuka mpaka bila jeton, kile kibali cha kupita, na askari hawezi kumsimamisha asiye na mfuko wa kupekua. Basi Karekezi akashauri redio iwashwe barazani mchana kutwa, kwenye mahubiri. Volkano akapinga: panya wa Goma hasikii Kinyarwanda, ahubiriwe kwa Kilingala. Hapo wakabishana kwa muda kama Kilingala kitamfukuza au kitamfanya acheze.

Bahizi hakucheka. Alipima kila neno. Kama ni redio, ataiwasha. Kama ni bati, atapanda na goti lake bovu, na Mungu atamshika.

Mama mmoja alikuwa amesimama akingoja kikombe na kuwasikiliza. Aliitwa Immy, alikulia Uganda, na alikuwa amehamia mtaani juzi tu.

— Samahani, mzee. Mama mwenye maua alipokuwa hai, hao panya walikuwa wapi?

Volkano alitazama upande wa mlima. Karekezi alimgeukia Bahizi.

Bahizi alimwona tena akilini Murekatete ameketi kwenye ngazi na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, vidole vyake vinang'aa magamba. Akimaliza kuwaosha, huinuka akiimba wimbo wa Bikira Maria na kuyamwagia maua maji yale. Baada ya mazishi Bahizi aliwaza kwa akili yake: kama maji matupu yaliyapendeza maua hivi, samaki wenyewe je? Tangu hapo kila Jumamosi alizika sambaza penye shina, konzi kwa konzi, pamoja na Salamu Maria.

— Yeye aliyapa maji, alisema hatimaye. Maji ya kuoshea sambaza.

— Na wewe? aliuliza Cansilde.

— Mimi nayapa sambaza.

Walitazamana. Cansilde ndiye aliyeanza.

— Polepole wangu. Mwaka muzima umefungulia panya oteli.

Bahizi alicheka, na mabega yake yakacheka pamoja naye, mpaka akatoa leso kujifuta macho, na leso ikakaa machoni muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Cansilde akainamisha thermosi juu ya kikombe chake. Likatoka tone.

— Imeisha, alisema.

Lakini Bahizi alikuwa ameshasimama.

— Volkano, washa pikipiki.

— We Polepole, leo una haraka?

— Nina samaki wa kufukua, kabla wageni wangu hawajaamka.