Zakaria Wabwire na Nafasi Ambayo Haikuzibwa

Leo Jumapili, tarehe 30 Desemba 1979, saa kumi na mbili jioni, Bw. Zakaria Wabwire atafunga sanduku la saksafoni yake na kustaafu kutoka Hoteli ya Njia Panda, Busia, baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na moja na miezi tisa. Ana umri wa miaka hamsini na mitano. Meno yake yote yapo, na pumzi ipo. Anastaafu kwa sababu sheria ya hoteli inasema hamsini na mitano. Ameniomba niliandike hilo mwanzoni kabisa, mtu asije akasema amechoka.

Ofisini niliagizwa niandike kurasa chache kuhusu kazi yake, na nisiitaje nafasi. Nimejaribu. Ni sawa na kuandika habari za Malaba bila kuutaja mpaka. Kwa hiyo nafasi itatajwa, na Bw. Meneja atayasoma haya leo pamoja nanyi.

Kwa wageni wasiojua: katika wimbo wetu wa “Baiskeli ya Adungosi”, baada ya ubeti wa pili, kuna mahali ambapo hakuna anayeongoza. Gitaa na ngoma huendelea chini chini, lakini juu yake hakuna sauti. Mahali hapo palikuwa pa tarumbeta ya marehemu mume wangu, Methuselah Orwa. Bw. Wabwire amepalinda kwa miaka minne na nusu. Kuanzia Januari kuna agizo kwamba pazibwe.

Tuanze na mwanzo. Bw. Wabwire alizaliwa Bukhayo mwaka wa 1924, katika nyumba ya mkulima wa mtama na mihogo. Muziki aliuanzia kwenye bendi ya shule ya misheni, ambako alifukuzwa mara mbili kwa kuongeza sauti zake ndani ya nyimbo za kanisa. Mara ya pili mwalimu alimwita baba yake akamwambia: “Mzee, mtoto wako nyimbo anazijua. Shida ni kwamba hazitii.” Saksafoni aliinunua baadaye kule Jinja, kutoka kwa mpigaji wa zamani wa bendi ya jeshi, na muziki wa jazz aliufuata kwenye redio ya jirani, akisimama nje ya dirisha na baiskeli mkononi kama mtu anayepita tu.

Machi 1958 alipoajiriwa hapa, hakuajiriwa kupiga muziki. Aliajiriwa mhudumu wa meza. Saksafoni ilikaa stoo ya jikoni, kati ya magunia ya viazi na madebe ya mafuta. Jumapili moja mchana mwimbaji wa bendi alikwama Bumala, basi limeharibika, na watu wakaanza kugonga vijiko mezani. Bw. Wabwire aliweka trei yenye chai ya watu wanne juu ya ngoma kubwa, akaenda stoo, akarudi. Alipiga dakika arobaini bila kurudia kitu. Chai ile haikunywewa. Wale wateja wanne walirudi Jumapili iliyofuata, wakakaa meza ile ile, na mmoja akauliza: “Yule wetu wa chai yuko wapi?” Hakubeba trei tena.

Kila bendi ina maneno yake. Neno la bendi yetu, Njia Panda Jazz, lilikuwa “kuvuka”, na yeye ndiye aliyelileta. Mpigaji anapouacha wimbo kama ulivyo na kwenda kutafuta wake mwenyewe, tunasema amevuka. Wengine wakati huo wana kazi moja: kushika mdundo pale pale na kumngoja. Hawamwiti na hawaanzi wimbo mwingine. Mtu akipotea huko na kushindwa kurudi, tulisema amekosa kipande, kile cha kuvukia mpaka, na alichekwa mpaka Jumatano.

Katika miaka yote hiyo Bw. Wabwire hakuwahi kuvuka mara mbili kwa njia moja. Alipiga akiwa amevua kiatu cha kushoto tu, kwa sababu alihesabu kwa vidole vya mguu huo. Saksafoni aliisugua kwa majivu na ndimu. Mwaka ule mpaka wa Uganda ulipofungwa na vile vijiti vya mdomoni vinavyoitoa sauti ya saksafoni havikupatikana, alichonga vyake kwa matete ya mto uitwao Sio. Cha kwanza kililia kama mbuzi, cha pili kama mbuzi mwingine, na cha tatu tulikitumia miezi minane.

Marehemu Orwa alikuwa kinyume chake. Yeye alikuwa mtu wa kukumbuka. Alichokisikia mara moja hakikutoka kichwani, na alipokuwa akinyoa ndevu asubuhi alipiga mluzi kila kitu ambacho Bw. Wabwire alikuwa amekipiga jana yake, mwanzo hadi mwisho, ambacho Bw. Wabwire mwenyewe alikuwa amekwisha kukisahau.

Hilo ndilo lililotuokoa Malaba, mwaka wa 1972. Bendi ilikuwa ikienda Tororo kwa dansi ya Jumamosi, na mimi nilikuwa nimebeba mashati yao. Afisa wa forodha, mgeni katika kazi, alitaka kuandika saksafoni kitabuni ili ijulikane wakati wa kurudi kwamba ni ile ile. Namba yake ilikuwa imefutika kwa majivu na ndimu.

“Sasa mzee, nitaijuaje?” akauliza.

“Isikie sauti yake, boss,” alisema Bw. Wabwire, akaipiga pale pale mezani. Afisa alifurahi sana. Aliandika, akagonga muhuri, tukapita.

Jumatatu asubuhi tulimkuta huyo huyo. Akafungua kitabu na kusema: “Haya, piga ile ya juzi.”

Bw. Wabwire alipiga. Afisa alitikisa kichwa. “Hapana. Juzi ulianzia chini. Hii ni ingine.”

“Juzi ilikuwa juzi.”

“Mzee, usinichezee. Piga vile vile au hii kitu inabaki hapa.”

“Nikiipiga vile vile,” alisema Bw. Wabwire kwa upole, “aliyerudi hatakuwa mimi.”

Tulikaa saa tatu. Nyuma yetu madereva wa malori walipiga honi, na mwanamke mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alipaza sauti: “Afande, mpee hiyo bomba yake apite, ndizi zinaiva!” Wapigaji wenzake walimsihi Bw. Wabwire afanye tu alivyoambiwa. Akol wa gitaa alimwambia: “Mzee, jifanye umesahau kwamba wewe ni wewe, dakika moja tu.” Alikataa. Nilikasirika sana siku hiyo. Jua lilikuwa kali na mashati yalikuwa mazito.

Ndipo Orwa, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku akimenya muwa, alipouweka chini na kuanza kupiga mluzi. Alipiga mluzi ile ya Jumamosi, sauti kwa sauti, pamoja na pale Bw. Wabwire alipokohoa katikati. Afisa akaruka: “Ndiyo hiyo! Hata kikohozi ndicho!” Alifikiri kidogo, akaandika kitabuni, na nilimwona alivyoandika: saksafoni imetambuliwa na shahidi. Tukapita.

Orwa aliugua Jumatano moja ya Juni 1975, akafariki Jumamosi. Ilikuwa homa ya siku nne. Mdomo wa tarumbeta alikuwa na desturi ya kuuweka kwenye mfuko wa shati ili usiwe baridi, na mashati yake yote yana alama ya duara dogo mahali hapo. Sijaweza kuiondoa kwa sabuni, na sijaribu tena.

Jumapili hiyo bendi haikupiga. Jumapili iliyofuata walipiga, na, kama Akol alivyonisimulia, walipofika “Baiskeli ya Adungosi”, baada ya ubeti wa pili, kila mtu alimtazama Bw. Wabwire ashike zamu ya tarumbeta. Alishusha saksafoni kifuani, akasimama. Akol alimwangalia, akaelewa, akapunguza gitaa. Mizunguko miwili ilipita. Kilichosikika juu ya sakafu ni viatu vya watu. Kisha Bw. Wabwire akapandisha saksafoni na kuingia ubeti wa tatu.

Nilimwuliza kwa nini. Alinijibu: “Shemeji, Orwa amevuka. Sisi kazi yetu ni ile ile.”

Na hivyo yule ambaye hakuweza kurudia kitu hata kwa amri ya serikali, kitu kimoja amekirudia kila Jumapili bila kukosea hata pigo moja.

Meneja wetu alikuja mwaka wa 1976. Nataka niwe wa haki kwake. Mabomba ya maji yalitengenezwa wakati wake, na mashuka yakawa meupe. Anapenda kila kitu kiwe mahali pake, na mwaka wa 1977 alipoleta mashine kubwa ya santuri, alitaka bendi nayo ipige nyimbo kama zilivyo kwenye santuri, bila kuvuka na bila nafasi. Alimwita Bw. Wabwire ofisini, nami nilikuwa kwenye taipu.

“Watu wanakuja kusikia muziki, Bwana Wabwire, hawaji kusikia viatu. Ziba hapo.”

“Hapo pana mwenyewe.”

“Mwenyewe amekufa.”

“Ndiyo,” alisema Bw. Wabwire. “Nilimbeba.”

Barua tatu za onyo zilifuata, na zote nilizipiga taipu mimi kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ya kwanza aliiweka ndani ya Biblia. Ya pili aliikata vipande na kuvibana chini ya kitufe cha saksafoni kilichokuwa kikivuja, na bado vimo. Ndugu zangu, kwa zaidi ya miaka miwili mmekuwa mkicheza dansi kwa onyo la pili. Ya tatu ilisema kwamba nafasi ikiachwa tena Jumapili ijayo, kazi imekwisha.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa. Wachuuzi wa Khunyangu walikuwepo, madereva walikuwepo, na Mama Asio wa samaki alikuwepo na gauni lake la kijani. Ubeti wa pili ukaisha. Bw. Wabwire akashusha saksafoni. Meneja, aliyekuwa amesimama karibu na mashine, akaweka santuri mwenyewe, na sauti ya tarumbeta ya mtu wa mbali, tusiyemjua, ikajaa chumbani.

Watu waliacha kucheza. Hawakuzomea. Walisimama tu pale walipofikia, wawili wawili, mikono bado mabegani. Kisha Mama Asio akageuka na kusema kwa sauti ya sokoni:

“Zima hiyo kitu, boss! Hapo kuna mtu anapiga!”

Akol na mpiga ngoma hawakuwa wameacha. Walikuwa bado wameshika mdundo. Meneja aliangalia watu, watu wakamwangalia. Akainua sindano. Viatu vikaanza tena, taratibu, na nafasi ikaisha mahali inapoisha siku zote. Jumatatu Bw. Wabwire alikuja kazini, na hakuna aliyemwambia asije.

Sasa sheria imefanya kile ambacho barua tatu hazikuweza. Mwenye kulinda nafasi anaondoka, na agizo jipya limebandikwa mlangoni: kuanzia Januari, nyimbo kama zilivyo kwenye santuri. Hata programu ya leo niliagizwa niipige taipu bila wimbo wa sita, “Baiskeli ya Adungosi”, eti kwa sababu ya muda. Programu hii niliipiga mimi. Fungueni mwangalie. Wimbo wa sita upo, na umeandikwa kwa herufi kubwa.

Tena Akol ameniomba niandike hili, kwa jina lake na la wenzake watatu: bendi inayobaki itaiacha nafasi Jumapili ya kwanza ya Januari, na Jumapili itakayofuata. Wakitolewa hapa wataipeleka sokoni Adungosi na kuiachia huko, chini ya bati la wauza mahindi. Wamekwisha kuomba mahali.

Kwa Bw. Wabwire, wafanyakazi wa Njia Panda tunasema asante. Tunakushukuru kwa chai ambayo haikunywewa, kwa vijiti vya matete, kwa vijana wote wa hapa uliowafundisha kuvuka na kurudi. Tunakushukuru kwa kukataa Malaba, hata mimi niliyekasirika. Uende nyumbani Bukhayo ukiwa na afya, mtama wako ustawi, na majirani wako wazoee kelele. Mke wako Eucabeth ametuambia kwamba banda la kuku limekwisha kuondolewa kuku. Tunaelewa litatumika kwa kazi gani, na tunawaombea kuku uvumilivu.

Limebaki moja, na ni langu. Tangu Juni 1975, kila bendi inapofika ubeti wa pili wa “Baiskeli ya Adungosi”, mimi hutoka mlangoni ninapokata tiketi na kwenda uani kuanua vitambaa vya meza, viwe vimekauka au havijakauka. Nimeisikia nafasi ile kupitia ukutani tu. Siku ile ya santuri ndiyo siku pekee niliyoiona, kwa sababu watu walikuwa wameziba mlango wa uani. Wiki iliyopita Bw. Wabwire alipita mezani kwangu na kiatu kimoja mkononi, akasema: “Shemeji, Jumapili usiende kwa vitambaa.”

Siendi. Wimbo wa sita ukianza, nitafunga mlango wa tiketi na kuingia ndani, na nimevaa viatu vyenye soli ngumu. Naomba mnipishe katikati. Tukifika pale, tafadhali msipige makofi na msizungumze, hata wewe Bw. Meneja. Hapo kuna mtu anapiga.

Syprose Anyait Orwa
Tiketi na Ofisi, Hoteli ya Njia Panda