Swali la Marehemu Kaanaeli Akyoo kwa Baba Yake Mdogo

Ndugu waombolezaji, huyu tunayemzika leo, Kaanaeli Yoeli Akyoo, alizaliwa hapa Nkoaranga tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa pili wa marehemu mzee Yoeli. Alibatizwa na kupata kipaimara hapahapa. Alikuwa mtoto wa adabu, adabu iliyopita kiasi, na dada yake Aikande anayesoma maneno haya ni shahidi. Siku moja bibi alimpa kibuyu cha maziwa, akamwambia, "Mpelekee yule mama." Mama yupi? Kaanaeli hakuthubutu kuuliza. Alipanda na kushuka vijia vya mlimani mpaka jua likazama, akarudi na kibuyu kilekile huku analia. Tulimcheka mno. Laiti tungejua, jamani, tusingecheka.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha shule ya ufundi mjini Arusha, akamaliza mwaka 1986. Mwaka uliofuata alijiunga na jeshi, akapangiwa karakana ya ndege aliyokuwamo Sajenti Ephraimu, mdogo wa baba yetu. Kazini alimwita afande, wakibaki wawili alimwita baba mdogo, na hakuna asubuhi aliyompita bila shikamoo.

Mwaka 1993 alifunga ndoa na Ndeshi, wakajaliwa watoto wawili, Anande na Nathanaeli. Hiyo ndiyo miaka aliyocheka sana.

Tarehe 9 Juni 1998 baba mdogo Ephraimu alikaza nati ya usukani wa mkia wa ndege moja. Kabla hajachomeka pini inayoizuia nati isifunguke, akaitwa ofisini. Kaanaeli alikuta vifaa vimekusanywa na kazi inaonekana imekwisha. Ilimpasa aulize. Lakini sisi tunajuana: mtoto wa kwetu atamwulizaje baba yake mdogo, "Umemaliza kweli?" Ni kumwambia mzee hajui kazi. Akanyamaza, akarudisha kifuniko, akakaza skrubu. Kesho yake ndege ikaanguka, na Luteni Lesian, rubani kijana wa Ngaramtoni, akafa. Mama yake hakuwa na mtoto mwingine.

Uchunguzi ulikuta nati imetoka. Mzee Ephraimu alivuliwa cheo, Kaanaeli akapewa onyo kali, na vicheko vikaisha nyumbani kwake. Baadaye alipewa kazi ya kuwafundisha mafundi wapya. Aliwaambia, "Anayefunika amwulize aliyefanya, kwa sauti, hata kama ni jenerali. Akishajibu, angalia kwa macho yako. Heshima yako iache mlangoni, utaichukua ukitoka." Alistaafu mwaka 2007, akafungua gereji Sakina, na hapo pia hakuna gurudumu lililorudishwa bila breki kuulizwa. Nyumbani ndiyo usiseme! Alimwuliza Ndeshi kuhusu jiko la gesi mpaka wifi akachoka: "Baba Anande, nimefunga, na ukiniuliza tena nalifungua!"

Lakini kuna mtu mmoja ambaye Kaanaeli hakumwuliza kitu. Yeye na baba mdogo walikutana harusini na misibani, shikamoo, marahaba, basi. Lile jambo halikutajwa. Lilimkaa Kaanaeli kooni kama mwiba, na sisi ndugu tuliliona, tukanyamaza vilevile.

Mwaka jana aligundulika ana saratani ya ini. Alipoona siku zake zinayoyoma hakuomba dawa wala chakula. Alisema, "Niitieni baba mdogo. Sitaki kufa sijamwuliza." Mzee Ephraimu alifika hospitalini na fimbo yake, akakaa kitandani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ile, ile pini ulikuwa umeichomeka?"

"Sikuichomeka. Niliporudi nikakuta umeshafunika, nikajua umenimalizia. Niliona aibu kukuuliza wewe, mtoto wa kaka yangu."

"Na mimi ningekuuliza, ungekasirika?"

"Nikasirike kwa nini? Ningekwambia subiri, bado."

Kaanaeli aligeukia ukutani akalia, na mzee akalia naye. Aliaga dunia Jumanne iliyofuata, alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Ndeshi.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, dada mmoja na baba mdogo Ephraimu, aliye hapa mbele yenu. Wapo waliotaka habari ya ndege isisomwe. Yeye mzee ndiye aliyesema, "Isomeni yote, na jina langu mlitaje."

Leo asubuhi mzee alifunga mwenyewe kamba za kushushia jeneza. Vijana wa gereji ya Sakina walisimama wakimtazama, kila mmoja akimsukuma mwenzake, mpaka mmoja akapiga moyo konde: "Shikamoo, babu. Umezikaza?" Watu wakashtuka. Mzee akazifungua zote, akaanza upya, akamwambia, "Sogea, uangalie vizuri."

Bwana akupumzishe, kaka yangu. Wameuliza.