Mzee Soud na Ripoti Isiyokuwa na Malalamiko

Na Shamima Ishak, Ofisa Mipango

Baada ya miaka thelathini na saba ya kujenga barabara za vijijini Pemba, Mzee Soud Nyange Haroub anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alianza mwaka 1988 akiwa kibarua wa kubeba fito za vipimo, na anaondoka akiwa msimamizi mkuu wa kitengo chetu hapa Wawi. Katikati zimo barabara kumi na tisa, pikipiki tatu zilizomfia mikononi, na buli la chai ya tangawizi ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa bila ruhusa yake.

Wengi wanajua kwamba Novemba 2023 alialikwa na chuo kikuu kimoja Finland kufundisha kozi fupi ya usimamizi wa miradi. Yaliyotokea huko wanayajua wachache. Nilikwenda naye kama mkalimani na, kusema kweli, udadisi ndio ulionipandisha ndege. Nilitaka kuona mtu asiyewahi kutengeneza slaidi hata moja atafundisha nini siku kumi nzima.

Wanafunzi walipewa kazi ya kupanga ujenzi wa banda la baiskeli nyuma ya maktaba, na mchoro walikuwa nao tayari. Mzee Soud aliuweka kando, akawatuma wakawasalimie watu wanaotumia ua ule, na akawakataza kabisa kutaja banda. Kwake ndivyo kazi inavyoanza: safari ya kwanza ni salamu, ya pili ni kuuliza, ya tatu ni kupokea jibu. Mratibu wa kozi akawa haachi kutazama saa, nami nikaanza kutafuta maneno ya kuombea radhi. Siku ya nne msafishaji mmoja, aliyekwisha kusalimiwa mpaka akawazoea, aliwaambia kuwa theluji ya paa lote huporomokea palepale walipochora banda lao. Mchoro ulihamishwa, na mratibu naye akaanza kusalimia watu.

Siku ya mwisho ndiyo iliyonishangaza. Mzee Soud alikuwa amealikwa kwa sababu ya ripoti ya barabara ya Shumba Viamboni ya mwaka 2009, ambayo wenyeji wetu wa chuoni walikuwa wameisoma: kazi imekamilika kabla ya masika, malalamiko hakuna. Walitaka aeleze siri ya mafanikio. Angeweza kupokea sifa zake akarudi nyumbani salama. Badala yake alisema kuwa ripoti ile, aliyoitia saini mwenyewe, ilikuwa imemdhulumu mtu.

Mwaka ule alikuwa na haraka ya kuwahi mvua, akatosheka na mkutano mmoja kwa sheha. Bi Mwanakhamis, mkaazi wa pale Shumba, hakuhudhuria kwa kuwa alikuwa eda, mumewe amefariki wiki tatu nyuma, na hakuna aliyekwenda kumuuliza. Alipotoka eda alikuta barabara imeshindiliwa juu ya kaburi la mwanawe mchanga, kaburi dogo la shambani lisilo na alama, ambalo baada ya mumewe kuondoka alikuwa akilijua yeye peke yake. Hakumshitaki mtu. Kila akifika pale aliiacha barabara akazungukia mihogoni. Mzee Soud alipomuuliza sababu, alijibiwa maneno matatu: "Hapo kalala mwanangu." Mkuu wa kazi wa wakati huo akasema ripoti imeshakwenda. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo mzee wetu alikaa nao kifuani miaka kumi na nne.

Mwanafunzi mmoja akauliza, kwa upole, ni nini kinachoizuia barabara kuhama sasa. Nikatafsiri. Machozi yakamtoka Mzee Soud mbele ya watu wote.

Aliporudi alikwenda Shumba safari tatu. Ya kwanza alisalimia, akanywa chai, akaondoka. Ya tatu Bi Mwanakhamis alisema ihamishwe. Wanakijiji wakatoka na majembe, kitengo kikatoa greda, na barabara ikasogea hatua nane. Ripoti mpya, ambayo Mzee Soud aliiandika kwa mkono wake, inasema mradi ulichelewa miaka kumi na nne.

Siku hizi kabla ya kuandika kuwa malalamiko hakuna, tunaulizana nani yuko eda, nani mgonjwa, nani hakuitwa. Tumefungua upya na mafaili manne ya zamani. Moja ni la Mgogoni na lina saini yangu. Kasoro yake ninaijua, na miaka sita sikumwambia mtu. Jumatatu nakwenda huko, nami naogopa.

Mzee Soud, ahsante kwa miaka yote hii. Wenzako wote tunakuombea kwa Mola afya, umri wa kheri na mapumziko uliyoyatolea jasho. Nikitoka Mgogoni nitapita kwako. Usiniulize wamesema nini, maana siku hiyo nitakuwa nimesalimia tu.