Nipitisheni Kichochoroni

Sogeeni wanangu, kaeni karibu, maana sauti hii si ile iliyokuwa ikiwaita vibarua kutoka juu ya ukuta hadi mtaa wa pili ukaitika. Wewe Dereva, zima hiyo simu, lori lako halitalia likikaa kidogo bila wewe. Wewe mwanangu mkubwa, acha cherehani, huyo mteja atavaa gauni lake kesho. Na wewe Kitinda, kaa hapa kichwani pangu unishikie kikombe, na usianze kulia, kwa sababu mimi leo sina huzuni. Nataka mlijue hilo kabla ya yote: baba yenu anakwenda, lakini anakwenda roho yake kwatu.

Jana asubuhi mlisikia nyundo ikigonga kichochoroni, mkatoka mbio, Dereva na spana ya magurudumu mkononi, mkamkuta mjomba wenu, mzee mzima, kinyozi aliyezoea kushika mkasi, anabomoa ukuta wake mwenyewe kwa nyundo ambayo hata kuinyanyua ilikuwa inamshinda. Mkanijia mnahema. Nikasema mwacheni, hamkuelewa, nanyi mkaniangalia kama mzee aliyechanganyikiwa. Leo nawaeleza, na nikimaliza nitawaomba jambo moja, na kwa jambo hilo ndipo nitajua kama nimezaa watu au nimezaa madalali.

Mimi na mama yenu tulipohamia hapa hapakuwa na mtaa. Palikuwa na mchanga, vichaka, na kaa waliokuwa wakiingia ndani bila hodi, mama yenu akiwatimua kwa ufagio huku akiwasema kama wapangaji sugu. Jiji lilikuwa kule mbali. Ikavuma habari kwamba barabara kubwa itapita upande wa bahari, na sisi tuliojenga mstari huu wa kwanza tukaimeza nzima nzima, wote tukajenga nyumba zinazotazama bahari, baraza mbele, sebule mbele, madirisha makubwa mbele, na huku nyuma tukatupa majiko na vyoo. Nyingi nilizijenga mimi kwa mwiko wangu. Basi barabara ikaja, loo, ikapita nyuma! Mji ukatukuta tumeupa mgongo. Mgeni akishuka kwenye gari akabisha hodi, anabisha chooni. Mjomba wenu alipofungua duka lake la kunyolea, wateja walipita chini ya kamba ya nguo, wakatoka wamenyolewa vizuri na mabega yamelowa. Tulicheka, wanangu, tulicheka mpaka mbavu zikauma, kisha kila mtu akatoboa mlango nyuma, majiko yakawa maduka na vyumba vya kulala, na hiki nilicholala ndicho kilikuwa jiko la mama yenu. Ndiyo maana dari ile pembeni ni nyeusi hata mkipaka rangi.

Kati ya nyumba yetu na ya mjomba wenu tuliacha kichochoro. Hakikuwa changu wala chake. Tulikubaliana kwa mdomo tu, mama yenu amesimama katikati, mkono mmoja kamshika mumewe, wa pili kamshika kaka yake, kwamba watu wapite wanaokwenda baharini na wanaokwenda barabarani. Wakapita wauza samaki, wakapita watoto wa shule, akapita bibi harusi na vigelegele vyake, na upepo wa bahari nao ukapita humo humo ukaingia jikoni kwa mama yenu, naye alikuwa akifungua ukosi wa gauni na kusema, haya sasa, nimefika mbinguni.

Kisha mji ukanenepa. Nyumba zikasimama mpaka penye matope, na kila kipande cha kando ya barabara, hata kisichotosha kulaza mbuzi, kikatolewa macho. Hapo akaja yule dalali wa viatu vilivyochongoka, tuliyembandika jina la Ulimi. Siku zile nilikuwa nimeagiza matofali nimjengee mama yenu jukwaa la kufulia, afue amesimama, kwa sababu mgongo ulikuwa unamla. Nilitaka nimshtukize, kwa hiyo sikumwambia mtu ila muuza matofali, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi pengine, niliyapanga kichochoroni. Ulimi akayaona, akamdodosa muuza matofali akajua ni ya nini. Akamwendea mjomba wenu: mzee, umelala? Shemeji yako anaziba njia aweke duka, huyaoni matofali? Na mjomba wenu, ambaye hasira zake ni zile zile za dada yake, hakuja kuniuliza. Akaniwahi. Tulirudi kutoka safari ndogo tukakuta ukuta umesimama na fremu ya duka mbele yake, na Ulimi tayari ameshamletea mpangaji na kula kamisheni yake. Tukaitana majina ambayo mashemeji hawaitani hata kwa utani, na kwa kiburi sikumweleza matofali yalikuwa ya nini. Matofali yangu niliyabwaga uwanjani kwa hasira, yakaliwa na chumvi, na mama yenu akaendelea kuinama kwenye beseni.

Alipokuwa anaumwa aliniomba kitu kimoja. Alisema, mume wangu, nitoeni kwa mlango wangu wa mbele, ule wa bahari, nipite kichochoroni ubavuni mwa nyumba ya kaka yangu, ndipo mnifikishe barabarani. Sikuweza. Mnakumbuka tulimtoa wapi? Tulimtoa hapa, kwa mlango wa nyuma, tukisogeza makreti ya soda. Nimelala chumba hiki miaka yote na kila nikiufunga mlango huo nayaona yale makreti. Na mjomba wenu alikuja siku ile, kavua kofia, na wewe Dereva ukasimama kizingitini usimpishe, naye akamzika dada yake kwa kusimama ng'ambo ya barabara. Sikukukataza, chuki hiyo uliiokota kwangu.

Sasa sikilizeni maajabu. Juzi Ulimi kaenda kunyolewa kwa mjomba wenu. Uzee umemlegeza mdomo, akawa anajisifu juu ya ujanja wake wa zamani, mara huyu nilimchezea hivi, mara yule vile, mpaka akasema, kama wewe na shemeji yako, mkauana kwa matofali ya jukwaa la kufulia! Akacheka. Mjomba wenu akaweka wembe mezani, akatoka, akaenda kuazima nyundo. Kamwacha na povu shavuni. Nasikia mpaka leo yule bwana anatembea na ndevu za upande mmoja, kila kinyozi wa mtaa anasema kafunga.

Msinichekeshe, kifua kinauma. Nipe maji, Kitinda.

Alipoingia hapa jana, vijana wa mtaa wakiwa wamemsaidia kuangusha ukuta na ile fremu, alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasimama hapo mlipokaa. Akaniuliza, "Shemeji, yalikuwa ya jukwaa?" Nikamwambia ya jukwaa. "La dada yangu?" Nikamwambia la dada yako. Akakaa chini, sakafuni, akalia kama mtoto, nami nikalia, wazee wawili bila aibu, halafu akajifuta, akanitazama, akasema, "Lakini nywele zako hizi, shemeji, ni kashfa." Akaninyoa. Mkono wake unatetemeka siku hizi, kanikata hapa nyuma ya sikio, na sijawahi kunyolewa vizuri kama jana. Mzigo ule, wanangu, nimeutua. Sikujua ulikuwa mzito hivyo mpaka nilipopumua.

Basi nagawa. Chumba cha barabarani ni cha mwanangu mkubwa na cherehani yake, asihamishwe na mtu. Sebule na baraza ya bahari ni ya Dereva na watoto wake, wana kelele, wakamalizie huko. Chumba hiki ni cha Kitinda, pamoja na mwiko, timazi na pima maji yangu, maana ndiye aliyerithi mkono wangu, na atakayesema binti hajengi mpelekeni akaone kile choo alichokijenga yeye, halafu arudi aseme tena. Kitinda, kusanya matofali ya ule ukuta, uwajengee jukwaa la kufulia uwanjani. Libaki wazi kwa yeyote mwenye mgongo unaomuuma.

Kichochoro sikigawi. Si changu.

Dereva, nitazame. Jana jioni ulisema hapo dirishani, ukidhani nimelala, kwamba sasa ukuta umeondoka tuwahi sisi kuweka fremu kabla mjomba hajabadili mawazo. Nilisikia. Ulimi mwenyewe angesema hivyo hivyo. Nimekaa miaka nikihofu kwamba nitakufa niwaachie ugomvi badala ya nyumba, na jana hofu hiyo ilitoka, ikarudi jioni kwa mdomo wako. Itoe. Sitaki maandishi, kama nasi tulivyokubaliana bila maandishi. Nataka neno lako mbele ya dada zako. Nitatolewa kwa mlango wa mbele, wewe utashika mbele, mjomba wako atashika nyuma, mtanipitisha kichochoroni taratibu, na msiharakishe, maana nitakuwa napita kwa niaba ya wawili. Na baada yangu njia isizibwe, si na tofali, si na meza ya biashara, hata pikipiki msiegeshe.

Haya, sema...

Sema kwa nguvu, masikio yamekwenda...

Eeh. Nimekusikia. Asante, baba. Asante. Nipe huo mkono.

Mungu awakuze... awape watoto wa kuwasumbua kama mlivyonisumbua, na wa kuwafurahisha hivyo hivyo. Mwanangu mkubwa, usiwe mkali sana kwa wadogo zako. Kitinda... timazi usiiache juani, kamba itaoza.

Fungueni dirisha. Hapana, lile la ubavuni. Mnausikia? Upepo huo... umerudi jikoni kwa mama yenu.

Mwiteni mjomba wenu. Asizungukie barabarani... mwambieni apite hapo, njia iko wazi.