Mchana Mmoja wa Fundi Gundi

Wasikilizaji wapendwa, sikilizeni mlio huu: funguo zikigongana gizani, nje ya mlango. Ni mlio mdogo tu. Lakini katika nyumba moja ya vyumba viwili, miaka thelathini iliyopita, mlio huo ulimwamsha mtoto wa kike kila mara. Ufunguo ukiingia tunduni bila shida, alivuta shuka akalala. Ukikwaruza na kuhangaika, alishuka kitandani taratibu, akajibanza nyuma ya kabati. Baba amelewa. Mama atapigwa.

Leo tunamkumbuka baba huyo. Ndiyo, huyo huyo. Fundi viatu aliyejulikana mtaani kwao kama Fundi Gundi, aliyefariki Jumanne iliyopita kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka sitini na mitatu. Kwa miaka tisa aliongoza kikundi cha wanaume waliowapiga wake zao na wakataka kuacha. Miaka tisa, kila Alhamisi, kibandani kwake.

Sitampaka rangi. Mama wa binti yake alinionya mapema: "Mwanangu, ukimsifu kupita kiasi nitazima redio. Ukimtukana, nitazima vilevile."

Mama huyo aliondoka na binti yake siku alipovunjwa mkono. Hakurudi tena kuishi na fundi. Fundi akaacha pombe, akidhani amemaliza kazi. "Kumbe pombe ilikuwa inasingiziwa tu," alizoea kusema. "Niliiacha, hasira ikabaki palepale, imekunja nne inanisubiri."

Ndipo, miaka mingi baadaye, akaanzisha kikundi. Viti sita vifupi, na kila mwanaume ana kiatu mkononi. Si kiatu chochote: ni kiatu kutoka nyumbani, cha mtu uliyemuumiza. Unakishona, unakipaka rangi, huku unaongea. Fundi aliamini kwamba mwanaume ukimpa kazi ya mikono, ulimi utajifungua wenyewe.

Dereva mmoja wa lori anaikumbuka siku yake ya kwanza. Alianza hivi: "Sasa fundi, unajua mke wangu ana mdomo, yaani ule mdomo..."

"Mdomo wake umeuacha nyumbani," Fundi Gundi akamkata. "Hapa umekuja na mkono wako. Ulifanya nini?"

Wenzake wakacheka. Dereva akainamia kiatu cha mkewe. Ukanda wake ulikuwa umekatika.

"Ulikatika nilipomburuta," akasema.

Hakuna aliyecheka tena.

Lakini hata mwalimu hukosea, wasikilizaji. Mwaka wa pili, fundi alialikwa kuzungumza kwenye mkutano wa mtaa. Akasimulia yote, hadi mkono ulivyolia ulipovunjika. Watu wakampigia makofi. Mwenye mkono huo alikuwa ameketi safu ya nyuma. Akainuka, akatoka. Fundi alipomfuata nje, mama huyo alimwambia, "Umepigiwa makofi kwa mkono wangu. Uliniomba?"

Alhamisi iliyofuata fundi alilileta kosa hilo kikundini kama kosa jipya, si masalia ya zamani. Tangu hapo hakusimulia tena maumivu ya mtu bila ruhusa yake.

Sasa tuje kwa binti, yule wa nyuma ya kabati. Alikua, akazaa mtoto wa kike. Fundi Gundi alitamani jambo moja tu: kuachiwa mjukuu wake mchana mmoja. Hakuliomba. Kikundini walikubaliana kwamba aliyeumiza hadai kuaminiwa. Alingoja.

Binti alikuja kibandani mara moja kwa mwezi. Alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, mkono mmoja umemshika mtoto. Miaka minne hivyo. Wanakikundi walimtania fundi: "Mzee, mgeni wako yuko kama anasubiri basi!" Naye alijibu, "Mwacheni asubiri. Basi likichelewa, kosa si la abiria."

Siku moja mtoto akaponyoka, akapindua kopo zima la gundi juu ya kiatu cha mteja, kiatu kipya, cha harusi. Binti akaruka wima. Anasema masikio yake yaliziba, miguu ikatafuta pa kujificha, mtu mzima wa miaka thelathini na nane.

Fundi aliweka nyundo chini. Akalaza viganja juu ya magoti.

"Mama," akamwambia binti yake, "nimekasirika. Natoka nje kidogo. Nitarudi."

Akatoka. Wakamwona amesimama kwenye bomba la maji, ananawa uso, mara moja, mara mbili. Akarudi. Akapiga magoti mbele ya mtoto, akampa kitambaa, naye akachukua kingine. "Haya, fundi mdogo, gundi haisubiri. Tufute."

"Siku hiyo ndipo nilipoweka mkoba chini," binti aliniambia.

Mwezi uliofuata alimwachia mtoto. Mchana mmoja. Wiki mbili baadaye fundi akafariki.

Poleni sana, mama. Pole, dada yangu, wewe na mtoto wako. Poleni nanyi wa Alhamisi; dereva wa lori ameniambia viti sita vitakaliwa wiki hii kama kawaida. Nawe baba unayenisikiliza, ambaye nyumba yako hunyamaza unapoingia: jiulize ukimya huo ni heshima au ni hofu. Nawe dada unayejibanza, usingoje abadilike ndipo uwe salama. Huyu alibadilika akiwa peke yake, mkewe ameshaondoka.

Huo mchana mmoja ulikwendaje? Binti alikuwa ameahidi kurudi saa kumi. Saa nane na nusu uvumilivu ukamwishia. Alikimbia njia nzima, akasukuma mlango wa kibanda. Babu na mjukuu walikuwa wameketi sakafuni, brashi mikononi, rangi nyeusi hadi puani. Mtoto akainua macho, akakunja uso.

"Mama, umerudi mapema, mimi bado sitaki kwenda."